Shangazi, Mlango wa Mwisho Bado Sijaufungua

Hapana Shangazi, sijaufungua. Juzi uliponiuliza kwenye simu, salio lako likakata kabla sijajibu. Na siyo wewe tu, kila anayepita hapa kibandani ananiuliza hilo hilo: "Mdomo, ule mlango vipi?" Kwa hiyo nakujibu kwa barua, tena ya wazi, wasome wote hapa Kabanga waniache nipumue. Shikamoo. Najua anayekusomea ni mjukuu wako. Mjukuu, soma taratibu, na ukifika penye utani mwache bibi acheke kwanza.

Mashine ya gemu ipo. Lensi yake ndiyo imechoka, haisomi CD mpaka niilaze chali kama mgonjwa wa malaria. Inaguna, inaguna, halafu inakubali. Vijana wananicheka. Siku hizi kila mtu ana gemu lake kwenye simu, mimi nauza ndala na makava ya simu, nachaji simu, na ukitaka hata jogoo wa mahari nitakutafutia. Lakini ile mashine haiuzwi. Alikuja mtu mmoja kuitaka kwa ajili ya vipuri, nikamwambia hata mimi nina vipuri, mbona hajaniulizia.

Wasiolijua hili gemu niwaeleze. Siyo la mpira, la kucheza mkamaliza mkagombana mkaenda nyumbani. Ni la safari. Watu wanne wanatembea nchi iliyokauka kutafuta mahali maji yalikofungiwa. Wanapigana na madude njiani, wanalala nyumba za wageni, wananunua mikate, na wewe ndiye unayewaongoza. Linakwenda wiki na wiki. Maneno yote ni Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu ya asubuhi, maana shule niliiaga mapema. Tulikuwa tunaelewa kwa kuangalia nyuso.

Unakumbuka siku uliyoingia mara ya kwanza? Ilikuwa mchana, mvua imekukimbiza na ndoo yako ya chapati. Ukasema, "Yaani watu wazima na ndevu zenu mnaangalia katuni." Halafu ukaona. Mmoja alikuwa na upanga, mmoja upinde, mmoja fimbo ya moto. Wa nne alikuwa na sururu begani.

Ukauliza, "Huyu naye anachimba wapi?"

Kibanda kizima kikageuka kukutazama. Wote tulikuwa tunamjua Bosko, mwanao. Alikwenda Biharamulo kuchimba dhahabu, duara, lile shimo la wachimbaji, likabomoka, kifusi kikamfunika. Wenzake wakamtoa, wakamzika huko huko, sisi tukapata habari kwa simu. Matanga tuliyakaa kwako bila mwili. Na wewe hukulia, Shangazi. Ulikaanga mwenyewe chapati za msiba wa mwanao, ukatuzungukia unatuuliza kama chumvi imetosha. Mimi nilikula mbili, nikakuambia imetosha.

Tangu siku ile ya mvua ukawa mteja asiyelipa. Unafika, unatua ndoo, unauliza, "Wa sururu ameshakula?"

"Shangazi, ule mstari wa damu yake umejaa, hahitaji kula."

"Nimekuuliza habari za damu? Mpe mkate."

Nampa. Mikate ya kwenye gemu inaisha, tunarudi kijiji cha mwanzo kwa mama wa mikate, tunanunua mingine, wenye upanga na upinde wanakwenda na njaa zao. Katika ufalme ule hakuna shujaa aliyewahi kunenepa kama yule.

Halafu ikafika siku ya pango. Dari ilianza kudondoka, na wa sururu akaingiza mabega yake chini ya jiwe, akalishikilia wenzake wapite. Akawaangalia. Jiwe likashuka. Na muziki ukakata. Mimi nikadhani waya umetoka, nikaenda kuutikisa. Waya ulikuwa mzima. Wale watu waliolitengeneza gemu walikuwa wamenyamaza makusudi.

Ukauliza kwa sauti ndogo, "Wamemuacha humo?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mtoe."

"Hakuna kitufe cha kumtoa."

Ukakaa chini, kwenye sakafu, kanga ikaanguka begani hukuiokota. "Mwana wanje," ulisema. Mwanangu. Halafu ukalia, kile kilio tulichokisubiri kwako kwenye matanga na hakikuja. Sijawahi kusikia mtu akilia hivyo, na nilikuwa nimeshika ile pad ya kuchezea mkononi kama mtu aliyeshika jembe la jirani, sijui niliweke wapi.

Ulipopata pumzi, mimi mjinga nikagusa kitufe ili safari iendelee. Ukanishika mkono. "Mtu amekufa, wewe unakwenda kupigana? Kwenu wapi?"

Kijana mmoja aliyekuwa anasubiri zamu ya mpira akasema, "Shangazi, hiyo ni katuni tu."

"Na wewe kaa chini, katuni."

Akakaa. Wote tukakaa. Kwetu mtu akifa jembe haliingii ardhini mpaka msiba umalizwe, na kazi ya wale watu ni kupigana, basi hakuna kupigana. Ulitangaza hivyo na hakuna aliyebisha. Tukawaacha watatu wamesimama kwenye mdomo wa pango, na kule kwenye gemu upepo unavuma. Kila tukifungua kibanda tunawasha, tunawaacha pale pale. Watu wakiingia wanavua kofia. Wale wabadilisha fedha, unavyowajua hawanyamazi hata kanisani, walikuwa wanapita kwa kunyata. Akaja mama mmoja mfanyabiashara kutoka upande wa Burundi, akauliza msiba ni wa nani, nikamwonyesha kwenye TV huku nimejiandaa kuchekwa. Hakucheka. Alitua mzigo wake, akakaa kando yako, akakushika mkono, akasema pole. Nafikiri yeye alikuelewa haraka kuliko sisi wote.

Ulipoona inatosha ukaniambia, "Sasa tafuta kadudu kadogo, kapige mara moja tu." Kama tunavyokwenda shambani siku ya kumaliza msiba, watu wanapiga majembe machache, kazi inafunguliwa. Nikatafuta kadudu kadogo kuliko tote, kapo karibu na mto uliokauka, kanaruka kama panzi. Nikakapiga moja. Ukasema, "Haya, nendeni."

Shangazi, mimi nimeuza vitu vingi na nimeona mengi hapa mpakani, lakini kilichofuata ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Ukifungua ile sehemu ya kuwapanga watu wako, kuna nafasi nne. Nilisubiri gemu litupe mtu mwingine ajaze, kama timu inavyosajili. Halikutupa. Tulitembea mpaka mbali, nchi nyingine kabisa, na ile nafasi ya nne ipo wazi, nyeusi, hakuna wa kuikalia. Halafu tukarudi kwenye kile kijiji cha mwanzo, kwa yule mama wa mikate, akasema kitu. Binti mmoja wa sekondari aliyekuja kuchaji simu akatusomea: "Mbona leo mko watatu? Yule mlaji yuko wapi, nimemwekea wake."

Kesho yake ulileta chapati moja ya ziada, ukaiweka juu ya TV kwenye sahani. Ilibaki pale mpaka jioni na hakuna aliyeigusa, na unajua wale vijana walivyo.

Nani aliwaambia wale watengenezaji wa gemu? Wako mbali huko, Ngara yetu hawajui kama ni kitu cha kula au cha kuvaa. Walijuaje kwamba anayeuliza habari za marehemu mwishoni ni muuza mikate?

Kisha miguu ikakuzidi, ukahamia Mugoma. Tulikuwa tumefika mlango wa mwisho wa gemu, ule yalikofungiwa maji. Ukaniambia, "Usiufungue mpaka niseme." Hujasema, na mimi sijauliza. Na habari za kwenda kuona alipolala Bosko, kila ndugu akikutajia unasema, "Nikipaona, basi itakuwa imekwisha." Mimi nilikuwa nacheka moyoni, nasema huyu mama na mimi tuna ugonjwa mmoja wa kuogopa mwisho.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilikwenda Biharamulo mnadani na mzigo wa ndala. Mchimbaji mmoja alikuja kujaribu ndala, tukaongea, kumbe alifanya kazi na Bosko. Akanipeleka kaburini. Shangazi, pale ni pasafi. Wenzake wamepanga mawe kuzunguka, wameweka msalaba wa zile mbao wanazoshikilia maduara yasibomoke, jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu. Nikauliza nani anapalilia. Wakaniitia mama mmoja anayewauzia chakula hapo machimboni.

Akanitazama, akasema, "Wewe ni wa kwao? Huyu alikuwa ananidharau. Kila siku anazikataa chapati zangu, ati hazina tabaka kama za mama yake." Kisha akauliza, "Huyo mama bado anakaanga?"

Nikasahau hata kumtangazia ndala. Mimi, Mdomo. Nilisimama pale na ndala zangu mkononi, namwona yule mama wa mikate wa kwenye gemu, amesimama mbele yangu na aproni.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe unaogopa mahali pale, mimi naogopa mlango huu, na lensi haitusubiri, kila siku inaguna zaidi. Basi tufanye biashara, na mimi biashara ndiyo kazi yangu. Jumamosi nakuja Mugoma na bodaboda ya kiti laini. Unakaanga chapati, moja ya ziada, na nyingine za yule mama aone tabaka lilivyo. Tunapanda gari mpaka Biharamulo. Ukifika pale ulie, au usilie, au umgombeze Bosko, mimi nitasimama kando nimevua kofia. Tukirudi tunapitia Kabanga. Naiwasha mashine, nailaza chali, wewe unakaa kwenye kiti chako, unasema "Haya, nendeni," na mimi naufungua ule mlango.

Ukikataa hilo la kwanza, na mimi la pili sifanyi, lensi ife na siri yake.

Usinijibu kwa maneno, utamaliza salio. Nibipu mara moja, nitajua unga umeshakandwa.

Kaa salama, Shangazi.

Mwanao wa kibandani,
Mdomo