Wakamwana Walipokatiza Uwanja

Jumanne, 1 Julai 1913

Mpunga umevunwa, mabua yamefyekwa, uwanja tunao tena. Leo tumecheza kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Mpira ulitoboka kabla hatujatoka jasho. Nimeushona kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe — sasa umevimba upande mmoja na unakwenda unakotaka wenyewe. Vijana wanacheka. Mimi sicheki, ndio huo mmoja tu tulio nao.

Bwana Misheni amepita juu ya punda akitoka Ipinda. Hakushuka. Amesema tucheze na shule ya Ndandalo Jumamosi ya tarehe 19, ila hajasahau ya mwaka juzi. Ngumi moja tu, amesema, na akainua kidole kimoja ili nielewe vizuri: ngumi moja, na mpira hautachezwa tena katika shule yake hata moja. Nikamjibu ndiyo Bwana. Mwaka juzi Nsajigwa alimvunja jino kijana wa Ndandalo. Na Nsajigwa ndiye mfungaji wangu. Sina mwingine.

Miaka tisa sasa nafundisha mpira, tangu nilipovuka mto Songwe kurudi kutoka shule ya Waskoti. Miaka tisa, na Ndandalo hatujawafunga hata mara moja. Mwalimu wao, Ambrose, tulikaa benchi moja kule ng'ambo. Kila wakitufunga huja kunishika mkono kwa upole mno. Upole ule unaniudhi kuliko mabao.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya ibada nilikwenda kwa Tata, baba yangu. Alikuwa ameketi na wenzake wa rika, wazee sita, wote wamejenga pamoja tangu ujana. Akaniuliza, shule ikifungwa mchana huwa nafanya kazi gani. Anajua sana. Nikasema nafundisha mpira. Akasema: Mtu mwenye mke na watoto wawili, anapiga ngozi mateke na makapera! Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikamwambia siku moja aje aone. Akasema ndama wakikimbia amekwisha kuwaona, inatosha.

Nimerudi nimenuna. Nimemweleza Tusekile, mke wangu. Amesema heri asije huyo. Jina lake halitaji, hajalitaja tangu nimwoe, humwita "yule wa kule". Akija, nani atawapa wachezaji maji? Yeye na wenzake watashinda wamejificha migombani.

Ni kweli. Kwetu mkamwana, mke wa mwana, na baba mkwe hawaonani. Na si baba mkwe mmoja tu, ni rika lake lote. Tata na wale wazee sita ni wakwe wa takriban wanawake wote wa kijiji chetu cha vijana, maana kila rika hujenga kijiji chake. Bwana Misheni ameikemea desturi hii kanisani mara nyingi. Wanawake husikiliza, husema ndaga, yaani asante, na Jumatatu hukimbia kama kawaida.

Jumamosi, 12 Julai

Mazoezi. Nimemzoeza Nsajigwa kuweka mikono nyuma kila mwamuzi anapopuliza. Anaonekana kama mtu aliyekamatwa na askari. Leo ameweza mara nne kati ya kumi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepiga mistari kwa majivu. Magoli yamesimama. Wanaume nimewapanga upande wa shule. Wanawake upande wa pili, kando ya njia ya Ipinda, kwenye kivuli. Bwana Misheni katikati. Nimetembea uwanja mzima mara mbili, na nimeridhika nao. Sijui kama nitalala.

Jumamosi, 19 Julai

Hakuna aliyepigwa! Naanza na hilo, maana ndilo nitakalotaka kulisoma nikifungua daftari hili uzeeni.

Ndandalo walifika mapema, wanaimba. Yakobo, mwalimu wa Busale, alikuwa mwamuzi. Bwana Misheni kwenye kiti chake cha turubai. Kipindi cha kwanza hatukufungwa — jambo geni. Cha pili kikaanza, Nsajigwa akaupata mpira pembeni, upande wa wanawake, akatoka nao mbio. Nilikuwa nimesimama kwa ncha za vidole.

Ndipo nikaona vichwa saba vyenye mvi vinatokea kwenye njia ya Ipinda, nyuma kabisa ya wake zetu. Tata mbele, fimbo mkononi. Alikuja. Na alikuja na rika zima.

Kosa ni langu. Njia ile ndiyo njia ya wazee, na mimi ndiye niliyewaweka wanawake pale, kwa ajili ya kivuli! Miaka tisa nafikiria mabeki, sikufikiria njia.

Tusekile ndiye aliyegeuka kwanza. Mtungi kichwani. Akauachia, akajifunika uso kwa nguo yake. Nyuma wazee, kushoto mto, kulia tope la mashamba. Akakimbilia palipobaki wazi — uwanjani. Wenzake wote wakamfuata. Wakamwana zaidi ya thelathini, wengine na watoto mgongoni, wameinama, nguo usoni, wanakatiza uwanja bila kuona wanapokanyaga. Mimi nilikuwa napiga kelele, sijui nilisema nini.

Wachezaji wote wakasimama. Isipokuwa Nsajigwa, ambaye akiwa na mpira haoni hata nyumba ikiungua. Akapiga. Mpira ukapinda kwa ule uvimbe wake, lakini Aliko, mlinda goli wa Ndandalo, angeudaka hata amesinzia. Bahati mbaya dada yake ameolewa kwetu. Alikuwa anapita mbele ya goli haoni aendako, anaelekea kuparamia nguzo. Aliko akamshika mkono akamwongoza pembeni. Mpira ukaingia nyuma yake taratibu.

Yakobo akapuliza. Goli, akasema. Halafu akatazama nyuso zetu, akasema ngojeni kwanza nifikiri.

Hakupewa nafasi ya kufikiri. Ndandalo wakadai tumewapitishia wake zetu makusudi. Wa kwetu wakajibu goli ni goli. Nikaona fimbo zinaokotwa pande zote mbili. Kijana mmoja mrefu wa Ndandalo akamsukuma Nsajigwa kifuani. Uwanja mzima ukatazama mikono ya Nsajigwa. Akaiweka nyuma. Akasukumwa tena, akarudi hatua mbili, mikono bado iko nyuma, machozi yanamtoka kwa hasira. Sijawahi kumpenda mwanafunzi kama nilivyompenda yule pale.

Nikaenda moja kwa moja kwa Ambrose. Nikamwambia hakuna hila, ni mimi niliyewapanga wanawake vibaya. Akauliza: Wale wazee ni wakwe wa hawa wote? Nikasema wote. Akatazama uwanja, mitungi iliyovunjika, watoto wanalia, Bwana Misheni amesimama juu ya kiti chake. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika magoti. Nami nikashindwa kujizuia. Walimu wawili wa dini! Vijana walipotuona hivyo, fimbo zikashuka moja moja.

Tukakubaliana goli lisihesabiwe. Mechi ikaisha hivyo hivyo, bila kitu pande zote. Nsajigwa akanifuata. Akasema, Mwalimu, lakini nimefunga. Nikamwambia umefunga, nami nimeona. Akatulia.

Tata hakunisemesha. Alisimama na wenzake hadi mwisho, kisha wakaondoka kwa njia ile ile.

Tusekile amerudi wazee walipokwisha kwenda, miguu imechanwa na miiba. Amevunja mtungi wake wa Kikisi, wa wafinyanzi wa ziwani, ule mkubwa. Ameona aibu hata kula. Baadaye akauliza ule mpira uliingia au haukuingia. Nikasema uliingia, na haukuingia. Akasema nichague moja.

Jumapili, 20 Julai

Nilidhani nimepona. Bado.

Bwana Misheni ameniita baada ya ibada. Amewasifu vijana, hasa Nsajigwa. Nikashusha pumzi. Kisha akasema kuna manung'uniko: mchezo umewaanika wakamwana mbele ya wakwe zao. Hataki ugomvi na wazee kwa ajili ya mpira. Alhamisi atawaita baba wa vijiji. Wakiukataa, mpira utafungiwa stoo. Wakiukubali, utaendelea, na hatauliza tena.

Nani atasema kwanza Alhamisi? Tata. Yeye ndiye mkubwa wa rika lake, na akisha kusema wengine hufuata. Miaka yangu tisa iko mdomoni mwa baba yangu.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda kwake asubuhi. Ugonile, Tata. Akaitika. Nikasubiri. Alikuwa anasuka kamba, wenzake wa rika kando yake, akaendelea kusuka. Nikaomba radhi kwa njia na kwa wanawake. Akaitikia kwa koo tu.

Kisha akauliza: Wale wanawake, hukatiza kila mara kabla ya goli? Nikamweleza hapana, ile ilikuwa ajali, haimo katika mchezo. Akaonekana kama amesikitika kidogo. Akauliza tena: Na yule kijana aliyesukumwa, nani alimkataza kupiga? Nikasema mimi. Akasuka kidogo. Akasema: Ngozi hiyo niletee kesho niitazame.

Nikauliza ya nini, Tata. Akasema ya kutazama. Wazee wengine wakaangalia chini.

Jumanne, 22 Julai

Nimeupeleka. Akaubonyeza, akaunusa, akauliza ng'ombe alikuwa wa nani. Kisu chake cha kuchunia kiko ukutani, mahali pale pale tangu utoto wangu. Nimeondoka bila kugeuka nyuma. Nikimnyima, atakataa Alhamisi. Nikimpa, huenda leo hii ni viatu.

Ambrose ameniletea barua kwa mkono wa mjumbe. Fupi. Anasema miaka tisa ameshinda na hakuna mtu njiani aliyemsimamisha kumuuliza habari; sasa kila anakopita anaulizwa habari za sare. Anasema hajui acheke au alie. Nimemwandikia kwamba hata mimi sijui kushinda maana yake nini, ila wale kumi na mmoja wa kwanza niliowafundisha, waliotoka vijiji visivyopikiana, mpaka leo wakikutana wanakula chungu kimoja. Nimeandika hivyo, halafu nimeona ni kweli. Lakini bado ningependa kumfunga. Hilo sikuliandika.

Jumatano, 23 Julai

Naandika kwa penseli, nimechuchumaa migombani. Kesho ni kesho.

Tulikuja na Tusekile kukata majani ya migomba. Shamba letu linapakana na malisho ya Tata. Tulikuwa tumekata fungu moja tu tuliposikia makelele ya wanaume huko malishoni. Tusekile aliijua sauti kabla yangu. Papo hapo akajilaza kifudifudi, nguo usoni. Mimi nikasogea, nikapenua majani.

Wote saba wako pale. Ng'ombe wamefukuziwa kando. Fimbo mbili zimechomekwa ardhini, na mbili nyingine upande wa pili. Mpira mzima! Haukuguswa na kisu. Tata amefunga nguo yake juu ya magoti — sijawahi kuona magoti ya baba yangu. Anapiga, anakosa, anajigeuza mzima mzima, anapiga tena. Mzee mmoja ameudaka kwa mikono na kukataa kuuachia, na wengine wanamfokea kwamba si sheria. Nani kawafundisha sheria? Walisimama pale Jumamosi hadi mwisho, kimya, na mimi nikafikiri wamekasirika.

Raha imenizidi. Nimekaa chini. Nimecheka nimeziba mdomo kwa jani, nimefuta macho, nimecheka tena. Sijui Alhamisi atasema nini. Wazee wanaweza kuupenda mpira na bado wakaukatalia vijana, nawajua. Lakini kifua changu kimekuwa chepesi, sijui nikieleze vipi.

Tusekile ananivuta nguo tangu nianze kuandika. Hawezi kuinua kichwa wala hawezi kuondoka, njia yote iko wazi kwa macho yao. Anataka kujua kuna nini. Nikamwambia: yule wa kule anacheza mpira. Akazidi kujifunika uso. Nikadhani ameona aibu. Kumbe anacheka, mgongo wote unatikisika.

Sasa anauliza nani anaongoza. Nimemwambia sijui, naandika. Anasema: Daftari gani tena, wewe mwalimu gani? Tazama, uniambie.

Basi. Tata ameupata. Wawili wanamfuata, mmoja amepoteza nguo. Anakimbia — anakimbia kweli, baba yangu —