Nywele Zangu Zinaishia Begani, na Wifi Yangu Ndiye Anayefagia

Mshauri,

Nimefunga mlango wa chumba kwa ufunguo ndipo nikakaa kukuandikia, na ukiona mwandiko unayumba ujue ni kwa sababu kila nikisikia miguu kwenye korido nasimamisha kalamu, na ninaomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mume wangu anarudi na mimi nimeshaamua kusema jambo litakalovunja nyumba, ila nataka kwanza mtu asiyenijua aniambie kwamba sijarukwa na akili.

Mimi ni fundi wa nguo, cherehani zangu ziko chumba cha mbele, mume wangu ni fundi wa mitambo na kazi yake inamweka mbali kwa miezi, na humu ndani naishi na wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye ndoa yake ilivunjika akaja kwetu na begi moja, na sisemi uongo, alikuja wakati nilipomhitaji kwa sababu nilikuwa mgonjwa, homa iliyonilaza hospitali muda mrefu na kunirudisha nyumbani nikiwa mifupa mitupu, na nywele zikaanza kutoka, ukishika fungu linabaki mkononi, mpaka wifi akaniambia, "Wifi, tuziondoe zote tu, ukipona zitaota," akachukua mkasi akazikata, akaninyoa, mimi nikalia na yeye akalia. Siku ile nilijiapia moyoni kwamba nywele zikirudi hadi katikati ya mgongo kama zilivyokuwa, hapo ndipo nitajua nimepona, na kiapo hicho sijamwambia mtu hadi leo.

Basi zilirudi, mshauri, zikafunika masikio, zikashuka shingoni, zikafika begani, na hapo zikagoma. Nasukwa misuko mirefu yenye nywele za bandia ili zangu zijifiche humo zikue kwa amani, na baada ya wiki kadhaa misuko inalegea, naziona nywele mpya zimechomoza kichwani, nafurahi, najiambia safari hii tumefika mbali, halafu nakaa mbele ya kioo nafumua, nakata kila msuko kwenye mshono wa bega la gauni ili bandia ianguke na kazi iishe mapema, kwa sababu huko chini hakuna nywele yangu, kisha nachana, navuta utepe wa kupimia, na kila mara ni palepale, begani, si juu wala si chini, kama mtu amechora mstari wa chaki. Na mimi nimekata vitambaa tangu nikiwa msichana, naujua uzi uliochakaa ukakatika na naujua uzi uliopitiwa na mkasi, na ncha za nywele zangu zimepitiwa na mkasi.

Nina mteja mmoja, mama mwenye maneno mazuri, anauza mafuta ya kukuza nywele na mimi huyatumia, nikamweleza, akanishika nywele akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, nywele za mtu mzima wa afya hazisimami zenyewe. Zinasimamishwa. Nani anaingia chumbani kwako?" Nikasema hakuna, ila wifi akija kufagia. Akasema, "Kufagia," akafunga mkoba wake.

Tangu hapo nikafumbua macho. Ni kweli kwamba kila nikimaliza kufumua, wifi anakuja na ufagio kabla sijamwita. Ni kweli kwamba aliwahi kusimama mlangoni akaniangalia ninavyofumua akasema, "Wifi, niachie mimi nikufumulie, wewe na huo mkasi mna haraka mno," nami nikamjibu, "Mkasi ni kazi yangu, wewe kauze madaftari yako," maana anafanya kazi duka la vifaa vya shule, akacheka, "Haya, fundi mkuu," na kicheko kile sikukipenda. Na wiki iliyopita nilipokuwa natafuta pini kwenye droo yake nikakuta karatasi imekunjwa vizuri, ndani kuna vipande vya nywele, si bandia, nywele zangu mimi, urefu wa kidole, ncha zimekatwa sawasawa, zimefungwa kwa uzi wa bluu uliotoka kwenye cherehani yangu. Mshauri, niliikunja tena nikairudisha palepale.

Nadhani ananikata nikiwa usingizini, kwa sababu bado nameza vidonge vinavyonilaza kama gogo. Sasa misuko iko kichwani tena na imeshalegea, kwa hiyo nimeuficha mkasi kabatini, nimefunga, ufunguo nalala nao. Juzi akagonga mlango, "Wifi, kuna kitu nataka nikuonyeshe, ukipata nafasi." Nikamwambia sina nafasi. Nilijua anataka nifungue mlango. Nikampigia mume wangu simu nikamwambia, "Ukirudi uchague, ni mimi au dada yako." Akauliza, "Kwa sababu ya nywele?" nikakata simu, kwa sababu angejuaje kwamba ni nywele kama hawajazungumza?

Nifanye nini, niiweke ile karatasi mbele ya wakubwa wa familia aseme mwenyewe, au nimtolee begi lake nje kabla kaka yake hajafika? Nakuomba usiniambie kwamba si yeye, maana kama si yeye basi ni ugonjwa wangu umerudi unazila nywele kimyakimya, na hilo siwezi hata kulifikiria. Bora awe yeye.

Ni mimi,
Fundi ninayelala na ufunguo


MSHAURI ANAJIBU

Fundi, toa mkono kwenye begi la watu, keti, tuzungumze.

Nitaanza na lile uliloliweka mwisho kwa sababu ndilo linalokuuma. Ugonjwa wako haujarudi, angalau si kwa ushahidi ulionipa. Wewe mwenyewe umeandika kwamba misuko inalegea na nywele mpya zinachomoza. Kichwa kinachootesha nywele mpya wiki baada ya wiki ni kichwa kinachofanya kazi. Ukiona vipara, ukiona zinatoka na mzizi kama zamani, nenda kwa daktari aliyekutibu, wala usinisubiri mimi. Lakini unachonieleza ni nywele zinazoota juu na kupotea chini. Kwa hiyo pole kwa hofu yako, na pole hiyo naitoa kwa moyo wote. Ihifadhi, kwa sababu hapa chini sitakupa nyingine.

Usidhani mimi ni mtu wa kuamini watu. Nashuku kuliko wewe. Wewe umemshuku mmoja ukatosheka, mimi barua yako nimeisoma na kalamu nyekundu nikawashuku wote waliomo. Mume hayupo, amepona. Msusi anasuka tu, kufumua hafiki, amepona. Akabaki wifi, na wewe, na yule mama wa mafuta.

Nakubaliana nawe kwa jambo moja, na nataka ulijue ili ulale: nywele zako zimekatwa, na zimekatwa kwa mkasi. Jicho lako la ufundi halikukudanganya.

Sasa nieleze, wewe unayejua kukata. Nywele zako ziko ndani ya msuko, zimesokotwa pamoja na bandia kuanzia kichwani. Huyo wifi anakuja umelala, anakata nywele zako zilizofichwa humo ndani, na msuko unabaki mzima, mrefu mpaka chini, asubuhi unajiangalia kwenye kioo na hakuna kilichopungua. Anafanyaje? Kama ana ujuzi huo amekosea kazi, asingekuwa anauza madaftari. Mkasi ukipita msukoni, msuko unaanguka. Na katika barua yako nzima misuko inaanguka mahali pamoja tu: kitini, mbele ya kioo, mkononi mwako.

Soma tena ulichoandika. Unakata kila msuko kwenye mshono wa bega, "kwa sababu huko chini hakuna nywele yangu." Nani alikuambia hakuna? Kipimo cha safari iliyopita. Na safari iliyopita zilikuwa begani kwa nini? Kwa sababu ulizikata begani. Nywele zinakaa ndani ya msuko, zinashuka polepole, zinapita bega kwa urefu wa kidole, halafu mwenyewe unakuja na mkasi wako mkali, unakata bila kuangalia, unavuta utepe, na unashangaa kwamba zimefika palepale. Mstari wa chaki unaousema umeuchora wewe.

Akija mteja kwako mwaka huu, ukamkatia gauni kwa vipimo vya mwaka jana bila kumzungushia utepe, na gauni likakataa kupita, utamwambia amerogwa? Mwanafunzi wa ushonaji akifanya hivyo utamfukuza kwenye meza. Kichwa chako mwenyewe umekifanyia kazi ambayo usingemfanyia mteja unayemchukia.

Tuje kwenye karatasi. Kwanza, acha hadithi ya pini. Fundi mwenye cherehani chumba cha mbele haendi kutafuta pini kwenye droo ya muuza madaftari. Ulikwenda kupekua. Na ulichokipata, vipande vya urefu wa kidole vilivyokatwa sawasawa, vilitoka wapi? Vilitoka sakafuni kwako, katika takataka ambazo mwanamke huyu anafagia bila kuitwa. Aliona katikati ya rundo la bandia kuna nywele halisi, akaziokota moja moja, akazifunga kwa uzi zisipotee. Kwa nini? Sikai ndani ya moyo wake, ila masikio ninayo. Alikuambia mkasi wako una haraka. Ukamtukana kazi yake. Akaja kugonga, akasema kuna kitu anataka kukuonyesha. Ukamwambia huna nafasi. Fundi, mtu anayekuibia hagongi mlango akuonyeshe alichoiba.

Na mume kuuliza "kwa sababu ya nywele?" si njama. Dada amezungumza na kaka yake. Pengine alimwomba msaada, kwa kuwa kwako ameshindwa kuingia.

Sasa yule mama wa mafuta, na hapa naomba wasomaji wote wasogee karibu. Nimeishi vya kutosha na kusoma vya kutosha kuwajua watu wanaouza dawa na adui kwa pamoja. Mafuta yake yameshindwa, na badala ya kusema yameshindwa, amekupa mtu wa kumlaumu ili uendelee kununua. Angalia alivyo hodari: hakumtaja wifi. Alisema neno moja, "kufagia," akafunga mkoba. Kazi iliyobaki ukamfanyia wewe, bure. Mwambie mlango wako wa kushonesha uko wazi, wa mafuta umefungwa.

Na kuna jambo linanichefua zaidi ya mafuta. Barua za namna yako zinafika mezani kwangu kila wakati: kitu kimepotea, kitu hakikui, kitu kimeharibika. Na mshtakiwa huwa ni yuleyule, mwanamke aliyekuja na begi moja. Hatumshtaki mwenye nyumba, hatumshtaki mume, hatumshtaki mteja mwenye fedha. Tunamtafuta yule asiye na pa kwenda, kwa sababu kumtoa ni rahisi, begi lenyewe ni dogo. Wewe umeandika kwa mkono wako, "bora awe yeye." Umesikia ulichosema? Ulikuwa unatafuta mtu wa kulipia hofu yako, na ukamchagua aliyekunyoa akilia ulipokuwa mifupa mitupu.

Haya, kazi. Usingoje Jumamosi. Kesho mchana, kwenye mwanga wa dirisha la chumba cha mbele, mwite wifi yako akae nyuma yako. Achague yeye msuko mmoja wa kisogoni. Usiukate. Ufumueni kuanzia ncha ya chini kabisa, kwa mpini wa kitana, polepole, mpaka ncha ya nywele yako mwenyewe ionekane. Halafu avute utepe yeye, asome yeye. Ikipita mshono wa bega, umeshapata jibu, na misuko yote iliyobaki ifumuliwe hivyohivyo hata kama itachukua siku nzima. Ukishindwa kuvumilia, kata kiunoni, kamwe si begani. Na ikiwa haikupita, ikiwa mimi ndiye niliyekosea, niandikie nami nitakuomba radhi kwenye safu hii hii, kwa herufi kubwa. Lakini hata hapo wifi yako haendi popote, kwa sababu kukosea kwangu hakumfanyi yeye kuwa mwizi.

Mpigie mume wako leo, umwambie maneno yale ya kuchagua umeyafuta. Usimweleze sana, wanaume hawaelewi habari za misuko. Mwambie tu kwamba dada yake yupo na atakuwepo.

Na kile kiapo cha katikati ya mgongo, mwambie wifi yako. Yeye ndiye aliyekuwepo nywele zilipoondoka, ana haki ya kujua unazisubiri kwa sababu gani. Kumwomba radhi kwa maneno mengi hutaweza, nakujua kwa mwandiko wako, una kiburi kama changu. Kwa hiyo fanya hivi. Fungua lile kabati, toa mkasi, umpe. Wewe ni fundi, unajua mkasi unavyotolewa kwa mtu unayemwamini: makali unayashika wewe, yeye unamwachia upande wa vidole.