Soda Yangu Imefukuzwa Kwenye Katuni

Tess usinipigie, nimejifungia chooni hapa kazini, nitalia.

Unaikumbuka Zonki? Ile soda ya maji ya achari niliyoibuni jikoni kwako, ambayo kwenye katuni yetu kila anayeinywa anatapika?

Kuna kampuni imepewa kibali na studio yetu ikaitengeneza kweli. Leo bosi wetu Duane kaingia kikaoni na makopo. Rangi zangu, maandishi yangu, hadi yule bata wangu mwenye kichefuchefu. Watu wakapiga makofi. Nikajiona nimefika.

Basi Lorna, wakili wa studio, akasema taratibu, "Sasa hii ni bidhaa halisi. Na bidhaa halisi za watu hatuchori kwenye katuni, ni sheria ya studio."

Nikamwambia, "Lorna, nimeibuni mimi."

"Najua, dada. Iondoe kwenye kila rafu uliyoichora katunini kabla ya Ijumaa."

Niiondoe. Zonki. Mimi.

Nikamgeukia Duane anitetee. Akasema, "Buni nyingine, Inez. Ila safari hii iwe mbaya zaidi, mtu asije akaitamani."

Na huyo Lorna, Tess, muda wote ananiambia hayo alikuwa anainywa. Akaomba na kopo la pili.