Moshi Aliotueleza Danford

Mahongole, Makambako
14 Juni 2025

Mpendwa wifi Anneth,

Kamwene. Habari za Bukoba, na goti lako linaendeleaje? Sisi hatujambo. Baridi imeanza, viazi tumeshavuna, na kaburi la kaka yako tumelijengea baada ya mvua kukatika.

Nakuandikia jambo ambalo nataka ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa watu.

Unakumbuka kaka yako alivyozunguka vijijini na gari la sinema la serikali. Filamu zilikuwa za Kiingereza, naye alishika kipaza sauti akaeleza kwa maneno yetu, huku akitafuna tangawizi ili sauti isikauke. Mkanda mmoja ulihusu kituo cha umeme wa nyuklia huko Ulaya. Minara minene ilitoa wingu jeupe, na Danford akawaambia watu kuwa ule ni moshi wa sumu.

Jumamosi iliyopita Judith, mwalimu wa sekondari, alionyesha mikanda hiyo katika ukumbi mmoja Njombe, nami nilikuwepo, kisha watu wakajadili kama nchi yetu ijenge kituo cha nyuklia. Wengine walisema makaa ya mawe ya Mchuchuma bado yako ardhini, haraka ya nini. Ndipo mzee Lenard wa Mlangali akasimama.

"Moshi ule ni sumu. Danford alitueleza mwenyewe, na Danford hakuwa mwongo."

"Babu, ni mvuke wa maji tu," Judith akasema, "kama wa sufuria ya ugali."

"Sufuria yako wapikie wenzako. Danford alipotueleza, mama yako alikuwa hajaolewa!"

Watu walicheka na kumpigia makofi.

Wifi, Danford aligundua kosa lake miaka mingi baadaye, siku aliyomsaidia Efraimu wetu kusoma kitabu cha fizikia. Aliweka kidole juu ya picha, akaniambia, "Mama Efraimu, niliwadanganya watu." Gari la sinema lilikuwa limeshasimamishwa, hakuwa na njia ya kuwarudia. Aliniomba nisimwambie mtu.

Nilisimama. Nikasema ni mvuke, na kwamba marehemu mume wangu alikuja kulijua hilo. Kama nyuklia ni nzuri au mbaya, nikasema, mimi sijui.

Lenard akanitazama. "Miezi miwili tu kaburini, na mke ameshamkana." Kisha akauliza taka za nyuklia zitazikwa kijiji cha nani. Alitoka bila kuniaga.

Ukoo utakutana mwezi wa nane kuondoa msiba, na nasikia wazee wataniuliza. Nitawajibu hivi hivi. Wewe ndiye mkubwa wao uliyebaki. Ukiona nimemkosea kaka yako, niambie mimi kwanza.

Efraimu na Nelly wanakuamkia. Msalimie Stella na baba yake. Mungu awalinde nyumbani na njiani.

Unapomwombea kaka yako, naomba unikumbuke na mimi.

Wifi yako anayekupenda,
Zipora