Kitanda Kilichobanwa Ukutani

Thespiai, Boiotia
Mwezi wa kuvuna zabibu

Mpendwa mdogo wangu Melitta,

Hujambo huko Massalia? Magoti yako je? Yangu yanalia kama mlango mbovu. Mbuzi wazima, zeituni si haba, ila moyo wangu ndio mgonjwa.

Basi jirani yangu Drakes tumeshamzika, na Glauke mkewe hanisalimii. Anatangaza kisimani eti nilimwimbia mumewe kifo. Mimi!

Alijikata paja kwa shoka. Wakaniita nimwimbie epode, ule wimbo wa mama wa kuzuia damu. Unakumbuka: unamzunguka mgonjwa upande wa kulia ukiimba, unageuka, unamzunguka upande wa kushoto, ndipo unasimama tuli unamalizia. Sasa kitanda chao kimebanwa ukutani! Nikasema, kivuteni. Glauke akanijibu, "We bibi, imba! Umekuja kupanga nyumba?" Nikawa naenda hadi ukutani, narudi. Damu ilikatika, lakini homa ikamchukua. Leo anasema nilikuwa narudi-rudi kama wanaomwimbia maiti threno, hali mgonjwa yu hai.

Mkwe wangu Lysis anayeniandikia anacheka. Si unajua anafundisha kwaya? Anasema kwenda ni strofe, kurudi ni antistrofe, ati ni mambo ya wanakwaya sherehe zikiwepo. Nimemwambia, baba, andika, sisi tumezunguka vitanda kabla kwaya yako haijaota miguu. Na mikono inamnuka vitunguu.

Harusini hawaniiti tena kuimba himenayo. Bibi arusi wa juzi kapelekwa kwa mumewe kimya kama mzigo.

Mwezi ukiandama wazee watakaa waamue kama nifukuzwe. Wakinifukuza, Melitta, nitakwenda wapi na magoti haya? Nitafutie pembe kwako, hata karibu na kuku. Silali, mdogo wangu.

Ngoja, mlango unagongwa. Ni Glauke! Hana hata shela kichwani. "Mama, toka! Mwanangu kajifungua, damu haikatiki!"

Namwuliza, si ulisema naua?

"Utanitukana baadaye, mama. Kitanda tumeshakivuta katikati."

Lysis, malizia upesi. Mwambie Melitta amsalimie binti yake Fano na mumewe, mungu wetu Artemi awafunike wote kwa nguo yake. Na ile pembe ya karibu na kuku asiifagie kwanza. Haya, nipe fimbo yangu.

Dadako akupendaye,
Timo