Tundu Dogo Kwenye Mfuniko wa Tangi

Nyumbani, nyuma ya karakana ya mbao,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za sisi uliotuacha nyumbani. Goti lako limepata nafuu, au baridi ya huko bado inalichokoza? Wifi yangu hajambo? Na wale wanangu wawili, bado wanamkumbuka shangazi yao? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri na hakuna anayemshinda kwa ubishi. Mimi mgongo ukiniuma nauambia usubiri zamu yake.

Nakuandikia habari za trekta la baba, lile dogo la bustani ambalo mtaa mzima unaliita Bibi Kikohozi. Baba alipofariki wewe ulichukua saa yake, mimi nikachukua spana zake. Miaka kumi na mmoja nimelilea. Nimebadilisha mikanda, nimenoa visu vya kukatia nyasi, nimelifungia plau ndogo, na mwaka juzi mchomeleaji alinitengenezea tela kwa vyuma vya kitanda kibovu. Nalima bustani yetu, nalimia majirani, na humo ndimo tunamokula mimi na Mama.

Mwezi wa kwanza alikuja Fundi Miwani, rafiki wa baba, kubadilisha oili kama afanyavyo kila mwaka. Wiki ile ile ugonjwa ukaanza. Likiwaka linakwenda kama dakika kumi, kisha linazima katikati ya tuta. Ukilipumzisha linawaka, linazima tena. Nikasafisha kabureta, nikaweka plagi mpya na chujio jipya la petroli. Wapi! Fundi akaja mara tatu, na mara zote tatu akatikisa kichwa: injini imekwisha, nisijichoshe.

Mvua zikapita mbegu zikiwa bado kwenye gunia. Mama akaanza kusema, tena mbele ya wageni, kwamba mkono wangu ndio ulioliua, kwamba baba alijua kulibembeleza. Nami nikaanza kudhani huenda ni kweli. Ndipo wewe ukapiga simu, kwa sauti ya upole, ukaniambia nimechoka, tuiuze bustani, mimi na Mama tuhamie mjini. Nilikushukuru mpaka machozi yakanitoka. Karatasi za mauzo ulizotuma nikaziweka mezani, na kalamu juu yake.

Jumanne iliyopita niliamua kuliosha, kwani hata maiti huoshwa. Nikaliwasha nilisogeze bombani, likazima njiani kama kawaida yake. Nikalegeza mfuniko wa tangi ili niufute, na tangi likavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo. Nikaugeuza mfuniko juani. Kile kitundu cha kupitishia hewa kilikuwa kimezibwa kwa gundi ya chuma, kwa ndani, kisha kikapigwa msasa. Hewa isipoingia, petroli haishuki. Injini inakufa kwa kiu na tangi limejaa. Nikakitoboa kwa msumari mwembamba. Trekta likawaka, likalima matuta sita bila hata kukohoa.

Ningesema ni uchafu, lakini uchafu haupigi msasa.

Nikaenda kwa Fundi Miwani, nikauweka mfuniko kwenye meza yake ya kazi. Hakuuliza ni wa nini. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

“Nduguyo aliniomba,” akasema. “Alisema ni kwa faida yako, kwamba kwa maneno hutasikia.”

Nikamuuliza amenijua tangu lini. Akasema tangu nilipozaliwa. Nikachukua mfuniko wangu, nikaondoka.

Methali ya kikulacho nimewaambia watu wengi, mdogo wangu. Sikujua siku moja nguo itakuwa yangu.

Mgongo huu unaouonea huruma ndio uliokubeba. Ungeniambia waziwazi, “Dada, nataka tuuze,” ningekataa. Ungekasirika, tungenuniana mwezi mzima, kisha mmoja wetu angetafuta kisingizio cha kupiga simu. Ugomvi wa ndugu una dawa. Lakini uliniacha miezi mitano nikifungua injini na kuifunga, nikijiona mjinga, na kila ukipiga simu ulikuwa unaniuliza, “Limepona?” Hilo ndilo linalonichoma. Uliuliza huku unajua.

Karatasi zako nimezirudisha ndani ya bahasha hii. Hazina sahihi, na hazitakuwa nayo. Msimu umeshapita, lakini nimepanda mboga za kumwagilia, tutasukuma siku.

Nina ombi moja tu. Mama bado anaamini mimi ndiye niliyeliua trekta la mumewe, na leo akilisikia linanguruma anasema fundi kalifufua. Sijamwambia ukweli, wala sitamwambia. Mpigie wewe. Chagua maneno yako mwenyewe, ila yasiwe yale ya faida yangu.

Msalimie sana wifi, na wanangu wabusu kwenye paji la uso. Mchomeleaji anakusalimu, huyo hajui lolote. Mungu akulinde huko uliko na akuongezee siku. Mama naye anakusalimu. Ameniambia niandike hivi hivi alivyosema: kati ya watoto wake wote, wewe ndiye mwenye huruma.

Ni mimi dada yako, ambaye kukupenda hakujamtoka,

Dada Spana