Imeji Ndogo ya Python

Alhamisi jioni, Chamazi

Hatimaye imekubali.

Imeji yangu ya kontena, kile kifurushi chenye lugha ya programu ya Python na kila inachohitaji, ilikuwa kubwa mno kwa kompyuta kuukuu za klabu yetu shuleni. Leo nikaanza upya na msingi mdogo kabisa. Ikawa nyepesi, lakini maktaba ya kuchora grafu, ule msimbo ulioandikwa tayari na wengine, ikagoma kujengeka, maana hata kompaila, programu ya kuijengea, haimo.

Sele, mwenyekiti wa klabu, akapiga simu. "Sista, kesho unawaelezea kidato cha kwanza hiyo imeji yako. Usituangushe."

"Inagoma."

"Basi tutatumia ile yangu nzito. Nitaongea mie."

Nikapumua. Naona aibu kuandika hili, lakini nilifurahi. Nikisimama mbele za watu, Kiswahili na Kiingereza vyote vinanikimbia.

Halafu mama akaingia na hotpoti ya wali. Sufuria, mwiko na jiko la mkaa kaviacha uani, kama siku zote. Nikaduwaa. Si nijenge maktaba kwenye imeji kubwa, kisha nihamishie kwenye ndogo kilichoiva tu?

"We Neema, unakula au unakodolea kifuniko?"

Nikajaribu. Grafu ikachoreka, na imeji ni ndogo kuliko nilivyotegemea.

Sele hajui. Nikinyamaza, kesho nitakaa zangu nyuma na hakuna atakayeniuliza. Nimekaa na wazo hilo muda mrefu kuliko...

Nimemwandikia: "Imekubali. Nitaongea mwenyewe."

Kisha nimezima simu, nisije nikaufuta ujumbe kabla hajausoma.